Mtoto wa hoki unamjuaje kama atafika? Majibu ya maswali yenu

Tangu niseme kwamba enzi za chuo niliishi Canada na hoki ya barafuni nilikuwa naifatilia sana, maswali yamekuwa mengi, hasa kwa wale wenye ndugu huko. Leo nachukua matano.

Mama wa Uyole: Habari mwalimu. Mtoto wa dada yangu yuko Toronto, ana miaka 15, kaumbo kadogo, kocha kamwondoa timu ya kwanza. Aache tu asome?

Asome, ila hoki asiache mama. Kwanza kazaliwa mwezi gani? Kule watoto wanapangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia Januari, kwaiyo wa Januari na wa Desemba wako timu moja wakati wanapishana karibu mwaka mzima, na kwenye umri wa miaka 11 au 12 mwaka mmoja ni mwili mwingine kabisa. Wa Januari anaonekana ana kipaji, anapewa kocha mzuri, anapewa dakika nyingi, mwisho wa siku kweli anakuwa mzuri, ndo maana kwenye vikosi vya vijana wao waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka wanawazidi idadi wa mwishoni. Na sio kule tu, hata viwanja vyetu hapa Mbeya nimeona dogo wa U15 ana ndevu anaangusha wenzie, watu wanashangilia, miaka mitatu baadae wenzie wamekua na ye yuko palepale. Mtoto mdogo wa umbo mi namwangalia hivi: kabla paki, kile kidude wanachokipiga badala ya mpira, haijamfikia anageuza shingo kuona nani yuko nyuma yake? Akibamizwa ukutani, mara nyingine anaingia tena kwenye ile kona au anaanza kuikwepa? Miguu ikoje kwenye barafu? Mwili utakuja wenyewe, hayo hayaji yenyewe. Martin St. Louis alikuwa na kama sentimita 173, kwenye drafti, pale timu za NHL, ligi kubwa ya Marekani na Canada, zinapochagua vijana kwa zamu, hakuna timu iliyomtaka, na 2004 akabeba Stanley Cup, kombe la ligi hiyo, na timu ya Tampa Bay na akawa mchezaji bora wa NHL msimu huohuo.

Kijana wa Mafinga: Mmoja ana pointi 90 (magoli na pasi za magoli) ligi ya vijana Canada, mwingine ana 20 tu Sweden. Nani mkali?

Huyo wa Sweden anacheza na nani? Kama ni ligi ya wakubwa, anakabana na baba za watu, hizo 20 ni nzito sana. Na za huyo wa 90 uliza ngapi alipata wapinzani wakiwa pungufu, na pembeni yake alikuwa anacheza nani. Halafu angalia tarehe: drafti ya NHL inataka uwe na miaka 18 kufikia Septemba 15. Auston Matthews kazaliwa Septemba 17, siku mbili tu zikamsogeza mpaka drafti ya 2016, akaenda kucheza na wakubwa Uswisi mwaka mzima kwanza, ndo akachaguliwa namba moja. Kwaiyo kwenye drafti moja kuna vijana wanaopishana karibu mwaka, usiwapime kama mapacha.

Dada wa Iringa: Mbona namba moja nao wanapotea?

Kwasababu unamchagua mtu wa miaka 18. Nail Yakupov alichukuliwa namba moja na timu ya Edmonton 2012, kufika 2018 hayupo NHL tena. Mi naamini mfungaji wa vijana anayeishi kwa mbio na shuti tu anapata shida sana akikutana na mabeki wanaosoma mchezo, sa hapo kama hana kitu kingine cha kukupa unamweka wapi?

Njombe: Na makipa?

Subira. Henrik Lundqvist alichaguliwa wa 205 mwaka 2000, 2012 akawa kipa bora wa ligi. Kipa wa miaka 18 mi simkatii tamaa kamwe.

Tukuyu: Baridi yetu hii hatuwezi kucheza?

Baridi yetu haigandishi uwanja ndugu yangu, inahitaji mashine. Karibu zaidi ni wenzetu wa Nairobi, wana timu ya Ice Lions iliyoanzia kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari.

Mama wa Uyole nasubiri huo mwezi wa kuzaliwa, na kama kuna video nitumie, nzuri zaidi ni ile ya mechi waliyofungwa.