Kabla ya Kulaumu Bahati, Tazama Mkono Ulioukubali

Raundi ikimalizika kwenye mashindano ya mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering, lalamiko linalosikika kuliko mengine yote ni hili: "Ardhi hazikuja." Ardhi ni kadi zinazotoa mana, yaani malipo ya kucheza kadi nyingine. Mara nyingi ni kweli hazikuja. Lakini ukiurudisha mchezo hadi mwanzo, utakuta aliyeshindwa alikubali mkono, yaani kadi saba za kuanzia, uliokuwa ukimtahadharisha tangu mapema. Uamuzi wa kuubakiza mkono au kuurudisha na kuokota mwingine ndio unaopoteza michezo mingi kuliko wengi wanavyodhani, na ndio rahisi kuliko yote kuurekebisha, kwa sababu hesabu yake inajulikana.

Chukua deki (rundo la kadi zako) ya kadi 60 yenye ardhi 24. Mkono wa kwanza wa kadi 7 utakuwa na ardhi 2, 3 au 4 katika takribani asilimia 77 ya michezo. Mikono yenye ardhi 0, 1, 6 au 7 hufika karibu asilimia 16, yaani karibu mchezo mmoja katika kila sita. Huo si mkosi wala jicho baya, ni deki yako inavyofanya kazi, na unapaswa kukaa mezani ukiwa umeshakubali kwamba utairudisha baadhi ya mikono.

Mtihani wenyewe uko kwenye mkono wa ardhi 2. Tuseme unahitaji ardhi ya tatu ifikapo zamu yako ya tatu. Ukianza wewe, huokoti kadi zamu ya kwanza, kwa hiyo umebakiwa na nafasi mbili tu za kuipata: uwezekano ni kama asilimia 66. Akianza mpinzani, una nafasi tatu, na uwezekano unapanda hadi karibu asilimia 81. Kadi ni zilezile saba, ila katika hali ya kwanza theluthi moja ya michezo unakwama. Kwa hiyo usiulize kama mkono una ardhi 2. Uliza nani anaanza, kadi nyingine tano zinagharimu mana ngapi, na je, rangi za ardhi hizo zinazilipia? Ukiwa na kadi tatu za mana 1 au 2 zenye rangi hizo, unaweza kuubakiza hata ukianza wewe. Ukiwa na kadi tatu za mana 4 na 5, urudishe bila kusitasita. Ardhi mbili za rangi nyekundu mbele ya kadi za bluu tupu zihesabu kama hakuna.

Tangu 2019 kurudisha mkono hakuumizi kama zamani: unaokota tena kadi 7 kamili, kisha unaweka 1 chini ya deki. Unabaki na sita ulizozichagua mwenyewe, na sita zilizopangika zinashinda saba zisizoelewana. Swali la kujiuliza ni "mkono huu unashindaje?" Kama jibu linaanza na "nikiokota...", tayari unajua la kufanya.

Mchezo ukishaanza, kosa linalowapata hata wenye uzoefu ni kumwaga kila kitu mezani. Mpinzani ana deki ya weupe na bluu, ardhi zake 3 ziko mezani, na zamu ijayo atakuwa na ya 4. Huenda ana Wrath of God, kadi inayogharimu mana 4 na kuangamiza viumbe wote, yaani kadi zinazoshambulia na kuzuia. Wewe una viumbe watatu wenye jumla ya nguvu 6, yeye ana uhai 12 na hana wa kukuzuia, na mkononi umebakiwa na kiumbe mmoja wa nguvu 2. Umtoe?

Piga hesabu ya zamu. Bila huyo kiumbe, unashambulia 6 sasa na 6 zamu ijayo: mpinzani amekwisha. Ukimtoa, hawezi kushambulia zamu hii, hivyo unapiga 6 sasa na 8 ijayo. Bado ni zamu mbili. Hujaongeza kasi hata kidogo, ila umeongeza hasara yako endapo meza itafagiliwa. Mbakize mkononi. Sasa badilisha uhai wa mpinzani uwe 14: bila kiumbe huyo unahitaji zamu tatu, na akiwepo unahitaji mbili. Hapo kumtoa kuna faida ya kweli, na unapima kama hatari inastahili. Kanuni ya "usijaze meza" haitoshi, hesabu ya zamu ndiyo inayoamua.

Mpangilio wa zamu nao una mazoea ya kuacha. Kama kiumbe unayetaka kumtoa hasaidii shambulio la zamu hii, shambulia kwanza, mtoe baadaye. Mpinzani akiona mana zako zote bado hazijatumika, lazima aogope kwamba una hila mkononi, na pengine atazuia vibaya.

Kuhusu mazoezi, Magic Arena (mchezo huu kwa mtandao) ni bure na inafanya kazi kwenye simu, lakini tahadhari: kwenye mechi za mchezo mmoja, mfumo huchagua mkono wa kuanzia ulio karibu na wastani wa ardhi za deki yako. Ukifanya mazoezi hapo tu, utazoea deki yenye ardhi pungufu na mikono laini kuliko utakayoipata mezani. Cheza mechi za michezo mitatu, ambazo pia zinakufundisha kutumia kadi 15 za akiba, unazobadilishana na za deki kati ya mchezo na mchezo. Baada ya kila mchezo andika mistari mitatu: nani alianza na mkono ulikuwaje, zamu ipi mambo yaligeuka, na uamuzi gani ungeufanya tofauti kwa yale uliyoyajua wakati ule. Fanya hivyo hata uliposhinda. Ushindi uliotokana na uamuzi mbovu ndio unaodanganya zaidi, maana hakuna anayeukagua.

Upande wa moyo, shika namba hizi. Mchezaji anayeshinda asilimia 60 ya michezo yake ni mzuri sana. Kwenye mechi ya michezo mitatu, ushindi wake unafika karibu asilimia 65. Na uwezekano wake wa kushinda mechi tano mfululizo? Kama asilimia 11, mara moja katika tisa. Anayekuja akitarajia kutopoteza hata mechi moja atavunjika moyo raundi ya pili, kisha ataanza kukubali mikono mibovu kwa hasira, na hasira hiyo itampotezea raundi ya tatu ambayo angeishinda.

Ukipoteza, usimsimulie kila mtu jinsi ulivyokosa ardhi. Andika mistari yako mitatu, kunywa maji, tembea kidogo. Kisha toa kadi za akiba ulizoingiza, rudisha zilizotoka, na hesabu kadi 60 kabla ya kuchanga. Wachezaji wenye mawazo ya raundi iliyopita husahau hilo, na kukaa mezani na deki isiyolingana na orodha uliyoisajili kunaweza kukuletea adhabu ya mwamuzi kabla hujatupa kadi hata moja.