Tokyo mpaka Los Angeles: mbona masaa ya kwenda na kurudi hayalingani?

SWALI: Habari zenu wahariri, naomba kujua Tokyo mpaka Los Angeles ni kilomita ngapi na ndege inatumia masaa mangapi, maana tiketi niliyoonyeshwa ya mwezi wa saba inasema ndege inaondoka Tokyo 17:00 afu inafika 11:00 siku hiyohiyo, sasa inafikaje kabla haijaondoka? Na ya kurudi inaondoka Jumatatu asubuhi inafika Jumanne mchana. Au wamekosea?

JIBU: Hawajakosea ndugu msomaji, tiketi yako iko sawa kabisa. Umbali wa angani ni kama kilomita 8,800, yaani ile njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia, ambayo ukiichora kwenye ramani ya ukutani inapinda kwenda kaskazini mpaka watu wanadhani rubani anazunguka bure. Chukua tufe la dunia, vuta uzi kati ya miji hiyo miwili mpaka ukaze, utaona wenyewe unapanda juu.

Sasa masaa. Ndege kubwa za abiria zikishapanda zinakimbia kama kilomita 900 kwa saa, lakini huko juu ya Pasifiki kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na huo ndo unaoamua kila kitu. Upepo ukikusukuma kwa wastani wa kilomita 100, unaenda 1,000 kwa saa na njia yote inaisha kwa masaa 9 hivi, ukikupiga usoni unabaki na 800 na yanakuwa 11. Ongeza kutembea uwanjani, kupanda na kushuka, ndo unapata kama masaa 10 kwenda na 11 na nusu au 12 kurudi. Majira ya baridi upepo unazidi kwahiyo na tofauti inakua, na marubani wakati wa kurudi mara nyingi wanapita kaskazini zaidi, kule karibu na visiwa vya Aleutian vya Alaska, ili kuukwepa.

Hiyo ya kufika kabla ya kuondoka ni kwa sababu tiketi siku zote inaandika saa za mji husika, kuondoka ni saa ya Tokyo, kufika ni saa ya Los Angeles. Mwezi wa saba Tokyo iko mbele kwa masaa 16. Ukiondoka saa 11 jioni ukaruka masaa 10, Tokyo inakuwa saa 9 usiku, toa 16 unarudi saa 5 asubuhi ya siku ileile. Kurudi unavuka mstari wa tarehe (ule wa katikati ya Pasifiki ambapo tarehe inabadilika) upande wa pili, ndo maana pembeni ya saa ya kufika wanaweka +1, yaani unafika siku inayofuata, usiipuuze hiyo alama, anayekupokea anaweza kuja siku nyingine kabisa! Majira ya baridi Marekani wanarudisha saa nyuma ila Japani hawagusi, tofauti inakuwa 17.

La mwisho, usiangalie saa tu, angalia na vituo. Tiketi ya kuunganisha inajumlisha na masaa ya kusubiri uwanjani, na hata ikiandikwa "moja kwa moja" ndege inaweza kutua njiani, kwahiyo muulize wakala kabla hujalipa.