Mnaoanza ushauri nasaha, msikimbilie kusema mteja ndo ana shida

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii, kuna kitu mi nilichelewa sana kukielewa na walioumia ni wateja wangu wa mwanzo. Kuna dada alikua anachelewa kila kikao, mara haji kabisa, nikaandika kwenye faili "hayuko tayari kubadilika". Kumbe akitoka kazini mapema bosi anamkata mshahara, na nyumbani hana wa kumwachia mtoto. Sikumuuliza! Miezi miwili nzima namfundisha kupangilia muda, mtu ambaye muda wake wote una wenyewe.

Kwa hiyo ukiona dalili, uliza pia habari za pesa, usalama, kazi, nani ana sauti nyumbani, kama anabaguliwa kwa rangi, dini, jinsia au ulemavu. Sisemi depresheni haipo, ipo na inatibika, ila ukimhudumia mtu anayeonewa kana kwamba kasoro iko kichwani mwake basi umeshamsaidia anayemwonea. Na sio jambo jipya, mwaka 1851 daktari mmoja wa Marekani, Samuel Cartwright, aliwatungia watumwa wanaotoroka ugonjwa wa akili akauita drapetomania, yaani mtu kutaka uhuru wake ndo kaambiwa anaumwa.

Afu jiangalie na wewe. Mwongozo wa haki ya kijamii ambao chama cha washauri nasaha Marekani kiliuidhinisha 2015 unaanza na mshauri kujichunguza mwenyewe, mteja anafuata. Ukikaa kwenye kile kiti una nguvu, wewe ndo unaandika ripoti, unapanga saa, unalipatia tatizo jina. Mteja akiitikia "sawa" kwa kila kitu usifurahi haraka, huenda anakuogopa tu. Siku hizi kikao cha kwanza nauliza, "kuna kitu kwangu kinachoweza kukufanya ushindwe kuongea?" Wengine jibu wanakuja kunipa kikao cha nne huko.

Kwenye kumtetea mteja msikurupuke jamani. Barua kwa mwajiri bila ridhaa yake inaweza kumfukuzisha kazi, na siri zake umeshazitoa. Anza kwa kufanya naye, umsemee pale tu asipoweza na amekuruhusu. Yule dada tuliandika wote barua ya mistari minne kuomba abadilishiwe zamu, maneno alichagua yeye, akakaa nayo wiki tatu kwenye pochi kabla hajaipeleka na mi sikumharakisha.