Maswali na Majibu: Kupanga maeneo ya faili kwenye BBS

Barua za safari hii karibu zote zinahusu BBS, yaani ubao wa kompyuta ambao mtu huuendesha mwenyewe, na wengine wakaingia kwa programu ya terminali kusoma ujumbe, kucheza na kuchukua faili. Wa kwanza uliwashwa Chicago Februari 1978 na Ward Christensen na Randy Suess, kwa laini moja ya simu. Siku hizi ubao mwingi hupitia intaneti, kwa telnet au SSH, njia mbili za kuingia kwenye kompyuta ya mbali. Wote waliotuandikia wanatumia Synchronet, programu ya bure ya Rob Swindell inayokubali Windows na Linux, kwa hiyo majibu yanaihusu hiyo. Majina ya menyu tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Nimenakili ZIP zaidi ya 300 za michezo ya DOS kwenye folda ya saraka niliyoitengeneza. Nikiingia naiona saraka, ila haina kitu. Nimezima na kuwasha seva, wapi! (Msomaji, Arusha)

Kuzima na kuwasha hakutasaidia, ndugu. Anayeingia hasomewi folda, anasomewa rekodi. Kila saraka ina hifadhidata yake ndani ya data/dirs, na faili isiyo na rekodi humo haionekani hata kama iko kwenye diski tangu mwaka juzi. Kinyume chake nacho hutokea: rekodi ipo, faili imeshafutwa, na mtu anaiomba asiipate. Shida nyingi za maeneo ya faili ni diski na rekodi kutokubaliana.

Anza kwa kukagua saraka yenyewe. Fungua SCFG, programu ya mipangilio ya Synchronet, ingia File Areas. Hapo kuna maktaba, na ndani ya kila maktaba kuna saraka. Kuongeza yoyote kati ya hizo unabonyeza Insert. Angalia sehemu ya Transfer File Path. Andika njia kamili, kwa mfano /sbbs/faili/michezo/, wala usiiache wazi. Ukiiacha wazi, Synchronet itatumia folda yake yenyewe ndani ya data/dirs, na wewe unaendelea kujaza faili kwingine. Kumbuka pia kwamba kwenye Linux, Michezo na michezo ni folda mbili tofauti.

Njia ikiwa sawa, ziandikishe faili:

cd /sbbs/exec
sudo -u sbbs ./jsexec addfiles.js DOS_MICHEZO -diz

Mambo mawili hapa huwakwaza watu. La kwanza ni msimbo. Kama maktaba ina kiambishi cha msimbo, tuseme DOS_, na saraka ina msimbo MICHEZO, basi msimbo kamili ni DOS_MICHEZO. Ukiandika MICHEZO peke yake utaambiwa saraka hiyo haipo. La pili ni hiyo sudo -u sbbs. Ukiendesha amri ukiwa root, yaani mtumiaji mkuu wa Linux, faili mpya za hifadhidata zitakuwa mali ya root, na seva inayotumia akaunti ya sbbs haitaweza kuziandika. Orodha itaonekana vizuri kabisa, kisha mtu wa kwanza kupakia faili atagonga mwamba. Ikishatokea, rudisha umiliki kwa chown -R sbbs:sbbs juu ya data/dirs na folda ya faili zenyewe.

Neno -diz linaiagiza programu ifungue kila ZIP na kutafuta FILE_ID.DIZ, maandishi mafupi ya maelezo ambayo waandishi wa programu za DOS walizoea kuyaweka ndani: mistari isiyozidi 10, kila mmoja herufi 45. ZIP zisizo nayo zitaingia bila maelezo, na orodha ya majina 300 matupu haimfai mtu. Kwa hizo, andika faili ya FILES.BBS ndani ya folda hiyohiyo: jina la faili mwanzoni mwa mstari, nafasi, kisha maelezo, mstari wa kuendelea unaanza na nafasi. Halafu:

sudo -u sbbs ./jsexec addfiles.js DOS_MICHEZO FILES.BBS -update

Bila -update, faili ambazo tayari zina rekodi zitarukwa na maelezo yako hayataingia.

Kama utakuwa unaongeza faili mara kwa mara, washa Search for Auto-ADDFILES kwenye Toggle Options za saraka, kisha weka kwenye cron, ratiba ya kazi za Linux, amri ya jsexec addfiles.js -all iendeshwe kila usiku. Usiwashe hilo kwenye saraka ambayo watu wanapakia bila kukaguliwa.

Ukisoma mwongozo wa zamani utakuta addfiles ikiwa programu inayojitegemea. Huo ni wa kabla ya toleo la 3.19, ambalo ndilo lililobadilisha muundo wa hifadhidata za faili. Aliyetoka toleo la nyuma aendeshe kwanza upgrade_to_v319.

Faili zangu ziko kwenye diski ya nje ya USB. Nimejaribu chown, inakataa. (Msomaji, Tanga)

Diski hiyo bila shaka ni ya exFAT au NTFS, mifumo ya faili ya Windows. Mfumo wa exFAT hauhifadhi umiliki wa Linux, na NTFS kwa kawaida hupachikwa (mount) bila kuutumia, ndiyo maana chown haina la kufanya. Umiliki unatajwa wakati wa kupachika: weka uid= na gid= za akaunti ya sbbs kwenye mstari wa diski hiyo katika /etc/fstab.

Kuna hatari nyingine hapo. Umeme ukikatika, mashine ikarudi kabla diski haijapachikwa, rekodi zote zitakuwa zinaelekeza pasipo na kitu. Hakuna kilichopotea. Ila ukiwa umepanga delfiles, programu ya kufuta rekodi, iondoe kila usiku rekodi za faili zisizoonekana diskini, asubuhi utakuta orodha nyeupe, na maelezo uliyoyaandika kwa mkono yamekwenda nayo. Kazi ya kusafisha rekodi ifanye kwa mkono, ukiwa umeangalia kwamba diski ipo.

Nataka saraka moja iwe ya wanachama tu, na nyingine watu wapakie lakini wasione vya wenzao mpaka nivikague. (Msomaji, Dar es Salaam)

Kila saraka ina sehemu kadhaa za masharti, na kila moja ina kazi yake. Access Requirements huamua nani anaiona. Upload Requirements na Download Requirements huamua nani anapakia na nani anachukua kati ya wale wanaoiona. Operator Requirements ni ya wale unaowapa uwezo wa kufuta na kuhariri humo bila kuwafanya wasimamizi wa ubao wote. Sehemu ikiachwa wazi, hakuna sharti.

Ya wanachama: chagua bendera, yaani alama ya herufi moja kwenye akaunti, kwa mfano M ya seti ya kwanza, uwape wanachama kwenye akaunti zao, kisha Access Requirements iwe

FLAG 1M

Wengine hutumia kiwango, LEVEL 60. Inafanya kazi, lakini kiwango ni ngazi moja tu: aliye juu anapita kila mlango ulio chini yake. Ukija kuwa na vikundi viwili visivyopaswa kuonana, ngazi itakushinda. Bendera zipo za A hadi Z katika seti nne. Anza nazo mapema. Masharti yanaunganishwa kwa AND, OR na NOT, kama vile LEVEL 50 AND NOT GUEST. Sharti la umri, AGE 18, lipo pia, ila linategemea tarehe ya kuzaliwa aliyoijaza mtu mwenyewe, na huo si uthibitisho.

Maktaba nayo ina Access Requirements zake. Mtu lazima apite la maktaba kwanza. Ukiona mwanachama mwenye bendera haioni saraka, kagua huko juu kabla ya kulaumu bendera.

Kwa upakiaji wa kukaguliwa, fungua saraka ya pekee. Upload Requirements iwe LEVEL 50 AND NOT GUEST, na Download Requirements iwe LEVEL 90, ambacho ni kiwango cha wasimamizi. Majina ya faili wataendelea kuyaona, lakini hawataweza kuzichukua. Ukishakagua, ihamishe faili kwa menyu ya msimamizi ukiwa ndani ya ubao. Ukiihamisha kwa mv, rekodi itabaki ilikokuwa.

Watu wanapokea ujumbe kwamba hawana krediti za kutosha, na sijawahi kuuza chochote. (Msomaji, Nakuru)

Hizo si pesa. Ni baiti: mtu anapata krediti akipakia na kukatwa akichukua. Mpango huu ulikuwa na maana wakati laini ya simu ni moja na modemu ya 14,400 inahitaji zaidi ya dakika 10 kwa megabaiti moja, asije mtu akachukua tu bila kuleta. Kwa ubao wa leo ni kero tupu. Washa Free Downloads kwenye Toggle Options za kila saraka. Ukitaka kumsamehe mtu mmoja tu, mpe msamaha wa herufi D kwenye akaunti yake.

Faili za maandishi zinashuka vizuri kwa ZMODEM, lakini ZIP zinakwama au zinafika zimeharibika. (Msomaji, Mombasa)

Umeshajipa nusu ya jibu. ZMODEM ni utaratibu wa kuhamisha faili kupitia terminali. Katika telnet, baiti yenye thamani 255 ni alama ya amri. Ikiwa sehemu ya data, lazima itumwe mara mbili, na upande wa pili uirudishe kuwa moja. Maandishi ya kawaida hayana baiti hiyo. ZIP inayo kila mahali. Upande mmoja usipofuata utaratibu huo, hesabu ya CRC, inayohakiki kama data imefika sawa, haikubaliani, ZMODEM inaomba kipande kilekile tena na tena, mwisho inakata tamaa.

Upande wa seva, angalia File Transfer Protocols ndani ya File Options. Amri inapaswa kuita sexyz, programu ya kuhamisha faili inayokuja na Synchronet na inayoijua telnet. Waliobadilisha wakaweka sz ya lrzsz moja kwa moja ndio hukutana na hili. Upande wa mpigaji, yaani anayeingia, mshauri atumie SyncTERM, programu ya terminali. Akiingia kwa SSH tatizo halipo kabisa, kwa kuwa hakuna telnet katikati.

Faili ikifika nzima ila imeongezeka baiti chache mwishoni, ametumia XMODEM. Hiyo hutuma vipande vya baiti 128 na kujaza cha mwisho hadi kifike ukubwa huo. YMODEM na ZMODEM hutaja ukubwa halisi wa faili, hivyo ziada hiyo haipo.

Nichunguze vipi virusi kwenye faili zinazopakiwa? (Msomaji, Kampala)

Ndani ya File Options kuna Testable Files. Ongeza kiendelezi ZIP, na amri iwe ya skripti yako ikifuatiwa na %f, ambayo Synchronet huibadilisha kuwa njia ya faili iliyopakiwa:

#!/bin/sh
unzip -tqq "$1" || exit 1
clamdscan --fdpass "$1" || exit 1

Skripti ikirudisha kitu kisicho 0, faili inakataliwa. Mstari wa kwanza unakamata ZIP iliyokatika njiani, na kwa ubao wa kawaida hizo ni nyingi kuliko virusi. Tumeandika clamdscan, ya programu ya kuzuia virusi ClamAV, kwa makusudi: inatumia clamd, seva yake inayokaa imewashwa, ilhali clamscan hupakia hifadhidata nzima ya virusi kila inapoitwa, na kwenye mashine ya RAM ya GB 1 mpigaji anaweza kuachwa ananing'inia. Ukiondoa --fdpass, na akaunti ya clamd ikiwa haina ruhusa ya kusoma faili za sbbs, itarudisha kosa, na kila faili itakataliwa hata iliyo safi. Baadhi ya programu za zamani za DOS hushukiwa bure. Hizo zipakie mwenyewe baada ya kuzikagua kwingine.

FTP inakubali nywila, kisha orodha ya faili haitokei, inazunguka tu. (Msomaji, Dodoma)

FTP, njia ya kuhamisha faili kwenye mtandao, hutumia muunganisho wa pili kwa orodha na faili, na huo ndio unaozuiwa. Katika sbbs.ini, sehemu ya [FTP], weka PasvPortLow=60000 na PasvPortHigh=60100, na PasvIpAddress iwe anwani yako ya nje. Fungua poti hizohizo kwenye faiwali na uzielekeze kwenye ruta pamoja na poti 21.

Kabla ya yote, tazama anwani ya WAN, yaani ya upande wa intaneti, kwenye ruta. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amekuweka nyuma ya anwani inayotumiwa na wateja wengi, kama ilivyo kawaida kwa laini za simu. Hapo hakuna poti utakayoifungua ikafanya kazi. Omba anwani ya umma, au uhamishie ubao kwenye seva ya kukodi.