Re: Injini ya Moto Guzzi 850 Le Mans ya 1976, ni yenyewe au ya T3?

Mkuu, kupima ujazo hakutakusaidia. Le Mans na 850 T3, pikipiki mbili za Moto Guzzi ya Italia, zote ni cc 844, kipenyo cha pistoni milimita 83 na mwendo wake 78, kwa hiyo muuzaji anayekwambia "nimepima, ni yenyewe" hajakwambia kitu.

Anza na herufi za mwanzo wa namba ya injini: Le Mans ni VE, T3 ni VD. Namba ya injini na ya chesisi kutofanana kusikutie hofu, Waitalia hawakuzilinganisha.

Kabureta za Le Mans ni PHF 36 za kampuni ya Dell'Orto, zenye pampu ya kuongeza mafuta unapovuta akselereta. T3 ilitoka na VHB 30. Ila kabureta hubadilishwa kwa mchana mmoja tu, mimi siziamini hata kidogo. Fungua vichwa vya silinda upime kipenyo cha valvu: Le Mans ni milimita 44 ya kuingiza na 37 ya kutolea, T3 ni 41 na 36. Pistoni za Le Mans nazo zina mgongo mkubwa zaidi juu, ndiyo maana mgandamizo ni 10.2 kwa 1.

Ukishafungua, kagua kuta za silinda. Zilipakwa kromu, na ikianza kubanduka, vumbi lake huingia kwenye oili na kutafuna beringi.