Kutoka Mpunguzi hadi Frankfurt: vidole, majina na neno moja lililonikalisha benchi

Mashine ya alama za vidole ilikataa dole gumba langu mara nne. Dada aliyekaa upande wa pili wa kioo akanipa kitambaa chenye maji, nikafuta, nikabonyeza tena, ikakataa. Akaniuliza, "Mzee wangu, unafanya kazi gani?" Nikamwambia nalima zabibu, Mpunguzi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyelijua jibu kabla sijafungua mdomo.

Ilikuwa mwanzoni mwa Agosti 2025, nimetoka shambani na mkasi siku moja tu kabla. Anayeijua Dodoma ya kiangazi anaelewa: upepo, vumbi jekundu, ngozi inapasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Ongeza kamba, waya na mkasi wa kupogolea, mistari ya vidole inafutika. Siku ile ilisomeka kwa taabu baada ya kusugua sana. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao sijaukuta umeandikwa popote, ni huu: wiki mbili kabla ya kwenda kuchukuliwa alama, iwe ya pasipoti au ya viza, paka mafuta ya mgando kila usiku na ukishika jembe vaa glovu. Asubuhi ya miadi usipake kitu, nawa mikono ikauke.

Tangu nirudi kutoka Ujerumani, vijana wa AMCOS yetu, yaani chama cha ushirika cha wakulima, wananijia na swali lilelile: tiketi shilingi ngapi? Tiketi ndiyo mwisho wa foleni. Sisi wa zabibu tunajua kuhesabu siku kurudi nyuma, maana ukipulizia dawa leo huwezi kuvuna kesho. Safari ya nje ni hivyohivyo. Anza na tarehe unayotaka kufika, kisha rudi nyuma.

Kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, ambazo ni 29 na Ujerumani niliyokwenda imo, maombi ya viza yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla. Kawaida wanajibu ndani ya siku 15, lakini wanaruhusiwa kufika hata 45 wakitaka kuchunguza zaidi. Nafasi ya miadi nayo ina foleni yake, na ofisi iko Dar, siyo hapa makao makuu. Kwa hiyo mwenye safari ya Septemba anayeanza kuulizia Agosti amechelewa, hata kama hela anayo.

Na kabla ya viza kuna pasipoti. Ada yangu ilikuwa shilingi 150,000, na maombi huanzia mtandaoni. Hela haikunisumbua. Kilichonisumbua ni majina.

Nilibatizwa Yohana. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi, sijui kwa mapenzi gani, akaniandika John. Kitambulisho cha taifa cha NIDA kikatoka Yohana na majina matatu, akaunti ya benki ikawa John na mawili. Jina la ukoo, ambalo ni la Kigogo na linaanza na "Chi", limeandikwa kwa namna mbili kwenye vyeti vya watoto wangu wenyewe. Miaka hamsini nimeishi hivyo na hakuna mbuzi aliyekosa mchungaji kwa sababu ya jina langu. Lakini ofisi ya pasipoti inataka cheti cha kuzaliwa, inataka na cha mzazi au kiapo chake, na vyote visome mtu mmoja.

Wakili mmoja mjini alinieleza tofauti ambayo wengi tunaichanganya. Kiapo cha majina kinasema tu kwamba Yohana na John ni mtu yuleyule. Ukitaka kubadili jina lenyewe, kuna hati yake ya kubadili jina, na hiyo husajiliwa. Mimi nilichagua jina la NIDA liwe ndilo, nikarekebisha mengine yalifuate, benki ikiwa ya kwanza. Ilinila wiki tano. Laiti ningeanza Januari. Na siku ya kukata tiketi, nakili jina kutoka kwenye pasipoti herufi kwa herufi. Usimwachie wakala aandike anavyosikia.

Ukishaipata pasipoti, itazame tarehe ya mwisho. Schengen wanataka ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku utakayoondoka kwao, iwe imetolewa ndani ya miaka 10, na kurasa mbili ziwe wazi. Nchi nyingi nyingine zinadai miezi 6. Mimi nashika miezi 6 kwa zote, nisije nikasumbua kichwa.

Sasa fedha. Hapa mkulima anaonekana mtu wa ajabu. Mwajiriwa anapeleka barua ya mwajiri na mshahara unaoingia kila tarehe ileile. Akaunti yangu mimi inalala kama nyoka wa kiangazi, halafu ghafla inaamka mara mbili kwa mwaka: baada ya mavuno ya Februari na Machi, na yale ya Agosti na Septemba. Mtu asiyejua zabibu za Dodoma akiiangalia anaweza kudhani nimekopeshwa hela ya kuonyesha ubalozini. Na kweli wapo wanaofanya hivyo, shemeji anakuwekea milioni kadhaa wiki moja kabla, wiki inayofuata anazitoa. Maafisa wanaofungua taarifa za benki kutwa nzima wanaijua hiyo kuliko sisi.

Nilichofanya ni kuandika barua ya ukurasa mmoja nikieleza misimu yetu miwili, nikaambatisha stakabadhi za mauzo zinazolingana na kila kiasi kilichoingia. Juu yake nikaweka barua ya chama, barua ya mtendaji na nakala ya hati ya shamba. Mwenyeji wangu, rafiki wa Ujerumani aliyenialika, naye alikwenda ofisi ya wageni ya wilaya yake akasaini tamko la kubeba gharama zangu. Viza ya muda mfupi inauliza jambo moja tu kwa njia nyingi, nalo ni utarudi kwa nini. Mwenye ekari mbili za mizabibu inayotakiwa kupogolewa akirudi ana jibu zuri, ila lazima aliweke kwenye karatasi.

Ada ya viza ni euro 90, imekuwa hivyo tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari lazima ifike euro 30,000. Zinauzwa na kampuni za bima za hapahapa. Sina la kuongeza hapo.

Chanjo ya homa ya manjano usiifanye ya mwisho. Kadi ya chanjo, ile ya manjano, inaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 sindano moja inatosha maisha yote, ile habari ya kurudia kila miaka 10 imepitwa. Wengi wanajiuliza ya nini, Ujerumani kuna mbu gani? Jibu liko kwenye kuunganisha ndege. Wakati wa kurudi nilikaa Addis Ababa saa 14. Tanzania humdai kadi msafiri aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na Ethiopia imo. Pale Dar kijana aliyekuwa mbele yangu aliwekwa pembeni, yuko nyumbani kwao na kuingia hawezi. Mwenye mimba, mwenye kinga dhaifu na aliyevuka miaka 60 wamwone daktari kwanza, kwa sababu chanjo hiyo ni ya virusi hai. Kadi ya kununua bila sindano sitaki hata kuiongelea.

Kutoka Dodoma hadi Dar sasa siyo habari, treni ya SGR ya saa tatu na ushee imetumaliza uchovu. Lakini nenda siku moja kabla, ulale. Kama treni yako inasimama Pugu, shuka hapo, uwanja wa ndege uko upande huo huo, usiende mpaka katikati ya mji halafu urudi na foleni. Ndege za kimataifa ni Jengo la Tatu. Mwambie dereva hivyo kwa sauti. Jirani yangu wa Nkuhungu aliteremshwa Jengo la Pili, akaburuta masanduku juani huku saa zinakimbia.

Nije kwenye benchi.

Frankfurt tulifika alfajiri. Sisi Wagogo salamu yetu ni ndefu. Ukisema mbukwa, utaulizwa wa nyumbani, ng'ombe, mvua, ndipo mfike kwenye jambo lililokuleta. Afisa uhamiaji hana hiyo nafasi. Aliniuliza, unakuja kufanya nini? Nami kwa Kiingereza changu cha kuunga na kwa furaha kubwa nikamjibu: nakuja kuvuna zabibu na rafiki yangu.

Kalamu yake ikasimama.

Kuvuna ni kazi. Viza yangu ilikuwa ya matembezi, na viza ya matembezi hairuhusu kazi, hata ya kusaidia, hata ya siku mbili. Nilichokusudia ni kwamba nakuja kuangalia wenzetu wanavyovuna, maana msimu wao ni Septemba na Oktoba. Yeye alisikia kibarua. Akamwita mwenzake, nikaonyeshwa benchi.

Simu ilikuwa imezima. Chaja ninayo, lakini plagi yetu ina meno matatu bapa na matundu yao ni mawili ya duara. Namba ya mwenyeji, barua ya mwaliko, tiketi ya kurudi, kila kitu kimo ndani ya simu iliyokufa. Kilichoniokoa ni binti yangu, aliyechapa kila karatasi na kunilazimisha nibebe faili la plastiki kwenye begi la mkononi. Nilikuwa nimemcheka. Yule afisa wa pili akasoma mwaliko, unasema kutembelea shamba siku 12, akaona bima, akaona tiketi ya kurudi, akampigia mwenyeji ambaye alikuwa amesimama nje tayari. Dakika arobaini jumla. Nikagongewa muhuri.

Kwa hiyo kabla hujapanda ndege, soma mwaliko wako mpaka uukariri, na mpakani useme maneno yaleyale yaliyoandikwa. Nakuja kutembelea. Siku 12. Nitakaa kwa fulani, mji fulani. Nyamaza. Akitaka zaidi atauliza. Siyo kudanganya, ni kuweka neno sahihi mahali pake. Tangu 12 Oktoba 2025 wameanza mfumo mpya wa kusajili wageni kwa picha ya uso na alama za vidole badala ya muhuri, kwa hiyo enyi wenzangu wa mkasi na jembe, yale mafuta ya mgando endeleeni nayo mpaka siku ya ndege.

Zawadi nazo zina sheria. Nilipanga kumpelekea mwenyeji kilo mbili za zabibu mbichi, aonje jua la Dodoma. Bahati nikauliza mapema. Matunda mabichi kuingia Ulaya yanahitaji cheti cha afya ya mimea; yaliyosamehewa ni matano tu: nanasi, nazi, doriani, ndizi na tende. Zabibu haimo, wala embe. Nyama na maziwa ya kutoka kwetu ni marufuku kabisa, kwa hiyo nyama kavu na samli ya bibi ibaki nyumbani. Mvinyo wa kawaida msafiri anaruhusiwa lita 4 bila ushuru, akiwa na miaka 17 au zaidi. Nikachukua chupa nne, nikazizungushia vitenge na sweta katikati ya begi kubwa. Hata moja haikupasuka, na vitenge vikawa zawadi ya mama mwenye nyumba.

Mlenda ndio ulionitoa jasho. Mtanzania mmoja anayeishi kule aliniomba mlenda mkavu, nikaufunga kwenye mfuko wa kaki bila maandishi. Wewe fikiria afisa wa forodha anakuta unga wa kijani kwenye begi la mgeni. Akanusa. Akamwita mwenzake, naye akanusa. Kuwaeleza mboga inayovutika kwa lugha ya kigeni ni kazi nisiyomtakia mtu. Mwishowe waliniachia. Safari nyingine nitabandika karatasi: jina la mboga, majani makavu, ya kupika.

Mifuko ya plastiki ya kubebea usiitumie kufungia vitu ukirudi, hapa kwetu imekatazwa tangu 1 Juni 2019 na mgeni au mwenyeji anaiacha uwanjani. Ile midogo ya kuziba ya kutilia dawa ya meno na mafuta haina shida.

Mwenyeji wangu anakuja Februari, msimu wetu. Kwake mambo ni mepesi kidogo: Mjerumani anaomba viza ya Tanzania mtandaoni, dola 50. Hata hivyo alikaribia kuibiwa, tovuti ya kwanza aliyoikuta siyo ya Uhamiaji na ilimdai zaidi ya hapo; nikamtumia anwani ya serikali. Nikamkumbusha na kadi ya manjano, maana naye ataunganisha Addis Ababa, na aangalie pasipoti yake itabaki na miezi mingapi.

Juzi ameandika anauliza kama ataruhusiwa kuvuna na sisi. Nimemjibu kwamba viza ya matembezi ni ya matembezi, kwangu kama kwake. Aje akae kivulini aonje. Mkasi aniachie mimi.