Barua kwa mwanangu aliyeniuliza kama sala ni kwanta

Uru, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, baba. Ujumbe wako niliusoma jioni, nikaurudia asubuhi baada ya misa, nikaona nisikujibu kwa simu. Unasema kwenye semina uliyohudhuria huko Dodoma, mzungumzaji alieleza kwamba fizikia ya kwanta, ile inayochunguza vitu vidogo sana kama atomu na chembe zake, imeshathibitisha kuwa fikra za mtu ndizo zinazoumba hali halisi. Akasema chembe mbili zikishaunganika huendelea kuwasiliana hata zikitenganishwa mbali sana, na kwamba anachokipata mtu katika sala ya kimya ndicho hicho wanasayansi wanachokiona maabara. Ukaniuliza: "Mama, wewe umefundisha fizikia miaka yote hiyo, na unasali kila alfajiri. Ni kitu kimoja?"

Si kitu kimoja, baba. Zipo sehemu vinafanana, nami nitakueleza ninapoziona, ila si zile alizozitaja yeye.

Wewe ulisoma ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu, kwa hiyo hukuwahi kukaa darasani kwangu. Wanafunzi wangu wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, nilikuwa nawapa kipande cha kioo kilichopakwa masizi ya koroboi. Wanabana nyembe mbili pamoja, wanachora mistari miwili kwenye masizi, halafu tunapitisha hapo mwanga wa rangi moja. Ukutani hawaoni mistari miwili. Wanaona mingi, ya mwanga na giza kwa zamu, kwa sababu mwanga ni mawimbi, na mawimbi yakikutana kuna mahali yanaongezana na mahali yanafutana. Thomas Young alilionyesha hilo Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19.

Ajabu ni kwamba elektroni, chembe ndogo iliyomo ndani ya kila atomu, nayo inafanya hivyo hivyo. Mwanafizikia J. J. Thomson alipewa tuzo ya Nobeli mwaka 1906, ndiye aliyeitambulisha elektroni kuwa chembe. Mwaka 1937 mwanawe George akapewa ya kwake kwa kuonyesha kwamba elektroni hiyo hiyo inatawanyika kama wimbi. Baba na mwana, na wote wawili walikuwa sahihi! Kule Japani mwaka 1989, Akira Tonomura na wenzake walizipitisha elektroni moja moja mahali penye njia mbili. Kila moja iliacha nukta moja, hapa na pale, kama zimemwagwa ovyo. Zilipofika maelfu mengi, nukta zile zikawa zimejipanga katika mistari ile ile ya wimbi. Na ukifunga kifaa cha kukuonyesha kila elektroni imepita njia ipi, mistari inapotea.

Hapo ndipo mzungumzaji wako aliporuka mtaro. Akisikia "kutazama" anadhani ni jicho na nia ya mtu. Katika fizikia, kutazama ni alama iliyobaki mahali fulani ulimwenguni, awepo wa kuisoma asiwepo. Mwaka 2004 watafiti wa Vienna walizipasha joto kwa leza molekuli zenye atomi 70 za kaboni kabla ya kuzipitisha kwenye mianya. Kadiri molekuli zilivyozidi joto ndivyo mistari ilivyofifia, kwa sababu zilikuwa zinatoa mwanga zenyewe, na mwanga ule uliondoka na habari za mahali zilipo. Hakuna mtu aliyekuwa anaupokea mwanga ule. Hakuna aliyenuia chochote. Mistari ilififia hivyo hivyo.

Na hizo chembe zilizounganika ni kweli zipo. Mwanafizikia John Bell alionyesha mwaka 1964 namna ya kuzipima, Alain Aspect akazipima Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2022 Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger wakapewa Nobeli. Matokeo ya pande mbili yanaoana kuliko yanavyoweza kuoana kama kila chembe ingekuwa imesafiri na majibu yake mfukoni. Lakini kila upande, ukiuangalia peke yake, unaona bahati nasibu tupu. Kule kuoana hakuonekani mpaka pale mtu anapoyaleta matokeo ya huku na ya huko mezani kwa njia za kawaida. Huwezi kupitisha humo hata neno moja. Mimi na wewe tumeunganika, sina shaka, ila kwa tumbo na kwa maziwa na kwa miaka, na sihitaji Bell aje kunitolea ushahidi.

Sasa nikwambie kwa nini jambo hili linanichoma. Baba yako alipokuwa anaumwa saratani, wakati wewe uko mitihanini, mtu mmoja alikuja hapa nyumbani, akakaa, akanywa chai, akaniambia kwamba mgonjwa angeamini kwa nguvu zaidi mwili wake ungetii. Baba yako alikuwa chumba cha pili, na mlango ulikuwa wazi. Alisikia. Usiku ule aliniuliza kama ni yeye aliyejiletea ugonjwa. Fundisho la fikra kuumba hali halisi mwisho wake ni huo, baba: linampiga mtu aliyelala kitandani. Linapovaa koti la maabara linazidi kuwa zito, maana mgonjwa hana namna ya kubishana na "sayansi imethibitisha". Fizikia haijasema hivyo popote, na Injili niliyofundishwa haisemi hivyo.

Yupo padre mmoja ninayemheshimu sana kwa jambo hili, Mbelgiji, Georges Lemaître. Mwaka 1927 alichapisha hesabu zinazoonyesha kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kutoka katika kitu kimoja kidogo sana, alichokiita atomu ya mwanzo. Novemba 1951 Papa Pius XII, akiwahutubia wanasayansi wa chuo cha kipapa, akazungumza kana kwamba sayansi sasa inaishuhudia siku ya uumbaji. Fikiria: Papa mwenyewe anaisifu kazi yako kuwa inaunga mkono imani yako! Mwingine angeshangilia. Lemaître hakufurahi. Alifikisha ushauri wake Roma, na mwaka uliofuata Papa alipozungumza na wanaastronomia hakulirudia dai lile. Padre huyu alishikilia kwamba nadharia yake iko nje kabisa ya swali la dini: asiyeamini aikubali au aikatae kwa vipimo, na anayeamini asiifanye nguzo. Alipenda kumtaja Mungu ajifichaye wa nabii Isaya, aliyejificha hata katika mwanzo wa ulimwengu. Kila asubuhi alivaa kanzu ya upadre, akaenda ubaoni na milinganyo yake, wala sijasoma popote kwamba aliona dhiki kuviweka vyote viwili katika maisha mamoja.

Watakutajia pia Erwin Schrödinger, mmoja wa waanzilishi wa fizikia ya kwanta, kwamba aliyapenda maandiko ya Vedanta ya Wahindi. Ni kweli, na aliandika juu yake. Lakini mlinganyo wake wa 1926 unasimama bila Vedanta. Mwanafunzi asiyeamini chochote akiutumia kwa atomu ya haidrojeni atapata jibu lile lile.

Basi vinafanana wapi? Mimi naona hivi. Septemba 1927, kule Como nchini Italia, mwanafizikia Niels Bohr alisimama akaeleza kwamba picha ya wimbi na picha ya chembe haziwezi kutumika kwa pamoja katika jaribio moja, na bado ukiitupa mojawapo hujaieleza elektroni. Hatuna picha ya tatu inayozimeza zote mbili. Ilibidi watu wazima, wenye akili nyingi, waachie picha waliyoizoea tangu utotoni ya vijiwe vidogo vinavyogongana, wakae na milinganyo inayosema kweli bila kuwapa cha kuchora. Ninapokaa kimya alfajiri nalazimika kufanya kitu cha jamaa hiyo. Namwita Mungu Baba, na ni kweli. Halafu inafika mahali picha ya baba inakuwa ndogo, naiachia, nakaa bila kitu mkononi. Siku nyingi hapo hakuna lolote, ni kusinzia na kuwaza bei ya mbolea. Siku nyingine yule "mimi" anayetaka kusimamia kila jambo anasogea pembeni, na ninabaki na hakika kwamba sipo peke yangu. Mtakatifu Thomas wa Akwino aliandika vitabu kwa vitabu, na Desemba 1273 akaacha kuandika. Alipobembelezwa aendelee alisema kwamba yote aliyoyaandika ameyaona kama majani makavu, ukilinganisha na alichoonyeshwa. Namwelewa, japo mimi nimeonyeshwa kidogo sana.

Lakini tazama zinapoachana njia. Kioo changu cha masizi nilikuwa namwita mwanafunzi yeyote, Mkatoliki, Mwislamu, asiye na dini, kila mmoja anainama na kuona mistari ile ile. Anayenibishia anaweza kuhesabu nafasi kati yake na kunisahihisha. Ile hakika ya alfajiri siwezi kukuita uje uikague. Unaweza tu kunitazama miaka mingi, uone kama inanifanya mtu wa kuvumilika. Ni ushahidi wa aina nyingine, na ukiuchanganya na ule wa maabara unaviharibu vyote viwili.

Kuna kitu mwanafizikia Mwislamu, Abdus Salam wa Pakistani, alikisema kwenye karamu ya Nobeli mwaka 1979, nami niliwasomea wanafunzi wangu kila mwaka. Alizitaja aya za Suratul Mulk, zinazomwambia mtu arudishe jicho lake mara ya pili na ya tatu atafute kasoro katika uumbaji, na jicho linamrudia limechoka. Akasema hiyo ndiyo imani ya wanafizikia wote: wanavyozidi kuchimba, mshangao wao unazidi. Hakusema Kurani imethibitishwa. Alisema anashangaa. Hapo, baba, mwenye kupima na mwenye kusali wanaweza kukaa benchi moja.

Umeniuliza pia kama uache kwenda kwenye semina hizo. Wewe ni mtu mzima, na ada unalipa mwenyewe. Ukienda tena, nyoosha mkono umuulize kwa heshima: mgonjwa akisali vizuri na asipone, nadharia yake inasema nini juu ya mgonjwa huyo? Akishakujibu, niandikie alivyosema, neno kwa neno.

Mama yako